Fidla, Shingo na Samaki Mbichi

Wahenga wametuusia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Wosia huu hukumbukwa mno mtoto anapokabidhiwa fidla kwa mara ya kwanza. Huambiwa: simama wima, legeza mabega, usikipinde kifundo cha mkono. Ni maneno mema. Lakini wahenga hawakutuambia samaki akunjwe upande gani, na anayeipitia historia ya ala hii ataona kuwa upande huo umebadilika mara nyingi.

Mwaka 1751, mjini London, Mtaliana Francesco Geminiani alichapisha kitabu cha mafunzo ya fidla. Aliagiza ala iegemezwe chini kidogo ya mtulinga. Miaka mitano baadaye, 1756, Leopold Mozart, baba wa mtunzi Wolfgang, alitoa kitabu chake mjini Augsburg. Yeye alieleza namna mbili. Ya kwanza ni kuiweka fidla usawa wa kifua: huwapendeza watazamaji, lakini humtaabisha mpigaji. Ya pili ni kuiegemeza shingoni na kuituliza kwa kidevu. Karibu mwaka 1820 Mjerumani Louis Spohr akabuni kibao kidogo cha kuwekea kidevu, nacho kikaenea Ulaya nzima.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na mapambo. Watunzi walikuwa wakizipandisha sauti juu zaidi, na mkono wa kushoto ulitakiwa upande na kushuka kwa haraka. Mkono uliobeba mzigo haukimbii. Ilibidi shingo na bega vichukue mzigo ili vidole vipate uhuru.

Tukivuka bahari tunakuta jawabu jingine kwa swali lile lile. Mwanzoni mwa karne ya 19, Baluswami Dikshitar wa India ya kusini aliichukua fidla ya Wazungu akaiingiza katika muziki wa Karnataki. Wapigaji wa huko hukaa chini, miguu wameikunja, kichwa cha fidla kimetua juu ya mguu wa kulia. Kwa mkao huo mkono wa kushoto haubebi chochote, nao huteleza juu ya nyuzi kwa madoido ambayo muziki wao huyahitaji. Huko Maroko, katika nyimbo za Kiandalusi, fidla husimamishwa wima juu ya paja. Nani atathubutu kuwaambia mafundi hao kwamba wamekosea?

Hapa kwetu fidla ilikaa chini ya kidevu, mpigaji naye juu ya kiti. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa Unguja mwaka 1905, masikio ya wapenzi wa taarab yalielekea Misri, na kwa miaka mingi mtindo wa Kairo ukawa kioo cha wapigaji wetu. Wengi wao walijifunza kwa kumtazama aliyetangulia. Shule hiyo ilitupa mafundi wakubwa, ila ina upungufu wake: jicho la mwanafunzi huviona vidole vya fundi, haliyaoni maumivu ya shingo yake. Mtoto huiga lililo zuri pamoja na lililo baya, na la baya humkaukia mwilini.

Tangu mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipoanza kufundisha Unguja, vijana wetu wamepata pia njia ya darasa. Basi tuwafundishe mkao upi? Sisi wa ushairi tunalijua swali hili. Mizani haikuwekwa ili kumbana mshairi, bali kumpa pumzi iliyo sawa. Mkao nao ni mizani ya mwili.

Maumbo yametofautiana, lakini msingi wake ni mmoja: ala itue mwilini, isikabwe. Kwa mtoto anayepiga kwa mtindo wa kidevu, maana yake ni hii. Kwanza apewe fidla ya kimo chake. Zipo za robo, za nusu, na ndogo zaidi ya hizo. Fidla kubwa humlazimisha anyooshe mkono kupita kiasi na kulipandisha bega. Kisugudi cha kushoto kiwe chini ya ala, kifundo cha mkono kinyooke, kidole gumba kiguse bila ya kubana. Upinde uende sambamba na kile kijiti kinachoinua nyuzi, na sauti itokane na uzito wa mkono, si nguvu za kukandamiza. Anayepiga ameketi aje mbele ya kiti, nyayo zote mbili ziguse chini.

Shinichi Suzuki, aliyeanza kufundisha watoto mjini Matsumoto, Japani, mwaka 1946, aliwashughulikia wadogo kwa subira kubwa: kusimama na kushika upinde kwanza, wimbo baadaye. Subira hiyo si anasa. Mtoto anayeumia hasemi kuwa mkao wake una kasoro. Husema hapendi fidla, akaiweka chini. Hapo tunampoteza mpigaji, na pamoja naye nyimbo ambazo angezibeba miaka hamsini.

Ipo njia nyepesi ya kumpima. Mwambie aushushe mkono wa kushoto kwa muda mfupi. Fidla ikibaki mahali pake, na uso wake usikunjamane, na pumzi yake isikatike, basi samaki amekunjwa vyema.