Chai, Kahawa na Hesabu ya Maji Mwilini

Dai kwamba chai na kahawa hukausha mwili lina chembe ya ukweli, lakini limejengwa juu ya kuchanganya mambo mawili tofauti, yaani kuongezeka kwa mkojo na kupungukiwa na maji mwilini. Chembe hiyo ni kafeini, kemikali iliyomo katika majani ya chai na katika buni, ambayo hupunguza uwezo wa figo wa kurudisha sodiamu katika damu, na kwa kuwa maji huifuata sodiamu, mkojo huongezeka. Hata hivyo, athari hiyo huonekana waziwazi mtu anapotumia takriban miligramu 250 hadi 300 kwa mara moja, hasa ikiwa amekaa siku kadhaa bila kuigusa kafeini, ilhali mwili wa mnywaji wa kila siku huizoea. Katika utafiti wa Ruxton na Hart wa mwaka 2011, ambapo kila kikombe cha chai cha mililita 240 kilikuwa na miligramu 42 tu, wanaume waliokunywa vikombe 4 au 6 hawakutofautiana, kwa damu wala kwa mkojo, na walipokunywa maji yaliyochemshwa. Kahawa nayo ilipimwa Birmingham kwa wanaume 50 na kutoa jibu lilo hilo mwaka 2014.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa msomaji wa mtaa wa Kahawa Sukari nchini Kenya umetoka kwa jirani yake, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walichapisha matokeo ya kupima vyakula na vinywaji vya wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya kwa siku 7, wakaona kwamba chai ya maziwa, takriban lita 1.2 kwa siku, ilizidi hata maji yenyewe, yaliyofikia lita 1.1. Utafiti mwingine wa 2008 ulionyesha kwamba wakimbiaji wa kiwango hicho, wakinywa kwa hiari yao tu, hawakupungukiwa na maji kutoka siku hadi siku. Inaelekea maziwa yenyewe husaidia, kwani sodiamu, potasiamu na protini zake huyafanya maji yakae mwilini kwa muda mrefu zaidi. Kinywaji kinachostahili tahadhari ni pombe kali, ambayo huzuia vasopresini, homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji.

Lawama ya haki dhidi ya chai iko kwingine kabisa. Tanini, kemikali zinazoipa chai ukakasi wake, hushika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na sukuma wiki, hata yasifyonzwe vizuri na utumbo. Inasikitisha kwamba mama mjamzito mwenye upungufu wa damu huonywa juu ya ukavu usiokuwapo, wala haambiwi asubiri walau saa moja baada ya mlo kabla ya kujimiminia kikombe chake.