Bluzi Isiyo na Jina: Wasikilizaji wa Gita Kibera na Kawangware

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kumtafuta mtungaji, na wakishampata huona kazi imekwisha. Msikilizaji hutajwa kwa sentensi moja mwishoni, kana kwamba yeye ni ukuta tu ambao sauti hugonga na kurudi. Makala haya yanakusudia kuligeuza jambo hilo, kwa kutumia mfano wa marehemu George Mukabi, mpiga gita wa Uluhya, pamoja na watu waliomsikiliza Nairobi katika miaka iliyokaribia uhuru.

Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo za Mukabi, zilizokusanywa kutoka kwenye santuri za zamani za mizunguko 78. Albamu hiyo iliitwa Furaha Wenye Gita. Msikilizaji wa ng'ambo asiyejua neno moja la Kiswahili aliipokea kwa upesi, na jina lililomjia kinywani ni bluzi. Mtu mmoja na gita lake, sauti yenye huzuni, kidole gumba kikipiga nyuzi nene huku kidole cha shahada kikifuata sauti ya mwimbaji: yote hayo yalimkumbusha waimbaji weusi wa Mississippi. Si kosa kukumbushwa. Lakini jina hilo, kwa ukarimu wake wote, linaunyang'anya wimbo maneno yake, na maneno ndiyo yaliyomfanya msikilizaji wa kwanza atoe shilingi mfukoni.

Msikilizaji huyo wa kwanza alikuwa nani? Yafaa kurudi nyuma kidogo. Kibera, au Kibra kama Wanubi wenyewe wanavyopaita, yaani msitu, palianza kukaliwa na askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza tangu mwaka 1904, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikapatangaza rasmi kuwa eneo lao, ekari 4,197. Ngoma iliyosikika hapo ilikuwa doluka ya wanawake wa Kinubi. Kawangware ni hadithi nyingine: ardhi ya Wakikuyu ukingoni mwa Dagoretti, iliyogeuka kidogo kidogo kuwa vyumba vya kupangisha. Kilichozifanya sehemu hizi mbili zifanane ni kazi. Wapangaji wa Kibera walikwenda kwa miguu Karen na Lang'ata, na wale wa Kawangware wakavuka kwenda Lavington, wakapike, wafue na kukata majani katika nyumba za watu wengine.

Mwezi wa Aprili 1954 jambo moja lilibadilisha mji. Katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, serikali iliwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwaondoa Nairobi. Nafasi walizoziacha zilijazwa kwa sehemu kubwa na Waluhya, Wajaluo na Wakamba. Wengi wao walikuwa wanaume vijana walioacha wake na wazee kijijini. Basi Mukabi alipoanza kutoa santuri zake katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, hadhira ilikuwa imekwisha kuandaliwa na siasa wala si na sanaa. Historia ya muziki wa Nairobi isiyoutaja msako huo yaeleza mazao bila kutaja mvua.

Vyombo navyo vilikuwa na athari yake. Soko la santuri za Kiswahili lilifunguliwa na Siti binti Saad mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodi. (Neno santuri lenyewe lilikuwa jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu, na ni Waswahili waliolihamishia kwenye sahani nyeusi inayozunguka; mwanafunzi wa semantiki atalipenda.) Katika chumba cha udongo au mabati hakuna usikilizaji wa faragha. Gramafoni ya mpangaji mmoja ilikuwa gramafoni ya safu nzima, na jirani aliujua wimbo kwa moyo bila kuununua. Kwa hiyo hesabu ya santuri zilizouzwa haituonyeshi idadi ya masikio.

Hapa ndipo kisa cha Jimmie Rodgers kinapofaa. Rodgers alikuwa Mzungu wa Mississippi, mfanyakazi wa reli, aliyejifunza bluzi kwa wafanyakazi weusi na kuziimba kwa kuikatakata sauti kooni. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, ambaye kwa maelezo ya Tracey alikuwa nusu mtu, nusu paa. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mwanaisimu hana sababu ya kucheka. Kikalenjin hakitofautishi ghuna na sighuna katika vipasuo vyake, kwa hiyo sauti za mwanzo na za kati za jina la mgeni zilipata mavazi ya nyumbani. Na silabi ya kwanza ikalingana na kiambishi Che-, kinachotangulia majina mengi ya wanawake na ya viumbe. Kwa mwenye lugha hiyo, jina lilikuwa tayari limemweleza mwenye jina. Hawakumsikia vibaya Rodgers. Walimsikia kwa Kikipsigis.

Msikilizaji wa Marekani wa mwaka 2017 alifanya jambo lile lile alipomsikia Mukabi kwa lugha ya bluzi. Tofauti ni kwamba yeye hasimuliwi kama kichekesho.

Mpangaji wa Kibera au Kawangware alikuwa katika hali ya namna nyingine kabisa, na ndiyo maana ushahidi wake una thamani. Yeye alisikia mambo mawili kwa pamoja. Katika gita alisikia omutibo, mtindo wenye mwendo ambao wengi huuhusisha na ngoma na vinubi vya kwao, ukisindikizwa na mlio wa chupa ya soda iliyokwaruzwa. Katika maneno alisikia Kiswahili, lakini si Kiswahili cha Lamu. Jina lenyewe, Furaha Wenye Gita, linatosha kuwa mfano. Mtu wa pwani angetaka kitenzi na kihusishi, aseme furaha ni ya wenye gita. Mukabi anaziweka nomino ubavuni mwa nyingine na kuliacha sikio liunge. Mwalimu wa shule angetia alama nyekundu. Lakini hicho ndicho Kiswahili ambacho mpishi na mtunza bustani walikitumia kila siku kwa jirani asiye wa kabila lao, na kukisikia kikitoka kwenye santuri, kikibeba mapenzi na maonyo, kulikipa heshima ambayo darasa halikukipa. Sengula Nakupenda ilipendwa na wasio Waluhya kwa sababu hiyo hasa.

Ulinganisho na Wakongo unathibitisha hoja. Jean Bosco Mwenda, ambaye Masanga yake ilirekodiwa na Tracey mwaka 1952, na Edouard Masengo walikuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, makampuni ya bidhaa yakiwatumia katika matangazo yao. Gita la Mwenda lilikuwa la ustadi mkubwa kuliko la Mukabi. Hilo halina ubishi. Lakini Kiswahili chake cha Katanga kilimfanya mwenyeji wa Nairobi astaajabu, si alie. Mukabi hakuhitaji mfasiri.

Aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliushika mtindo wa baba. Katika miaka ya 1980 kaseti zilizonakiliwa ovyo ziliua biashara ya santuri, na huko Kawangware baa nyingi zikaja kupokea mugithi, gita la mtu mmoja lenye jina la Kikuyu la gari moshi. Reli nayo ingali inapita katikati ya Kibera, wala hapana aliyemhitaji Rodgers ili atambue huzuni yake.

Albamu ya 2017 imeziokoa sauti. Masikio hayakuokolewa. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1958 leo amepita themanini, na wengi wao wamerudi kijijini. Idara za Kiswahili zina vinasa sauti na zina wanafunzi wa shahada ya pili wanaotafuta mada. Maswali ya kuanzia ni mepesi: gramafoni ilikuwa ya nani katika safu ile, nani aliwafasiria waliokuwa hawajajifunza Kiswahili, na ni wimbo upi uliozimwa haraka mzee wa kijijini alipobisha hodi.