Tabora 1958: Nani Apange Shughuli za Baraza?

Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipitia Tabora, na aliyeshika njia ndiye aliyetoza hongo. Mirambo alilijua hilo alipoifunga njia mwaka 1871.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana mjini humo. Mkoloni alikuwa ameleta kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wanyonge walio wengi hawakutimiza masharti ya kupiga kura. Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere alionya kwamba tukisusa, wapinzani wetu watavichukua viti. Mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda African National Congress.

Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda mwaka 1958 na 1959. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Ndugu, tunajifunza nini? Muswada gani utangulie na upi usubiri ni suala la madaraka. Asiyekuwamo barazani hupangiwa na waliomo.