Nakala Ndizo Zilizozihifadhi: Filamu Fupi za Mwanzo wa Karne ya 20

Mpenzi wa sinema anayetaka kuijua sanaa hiyo tangu utoto wake hahitaji muda mwingi. Aghalabu filamu za mwongo wa kwanza wa karne ya 20 hazizidi robo saa, nazo ni bubu. Ila kila moja tunayoitazama leo ina hadithi mbili: ile inayosimuliwa kwenye pazia, na ile ya namna ilivyonusurika. Hadithi hii ya pili, kwa maoni yangu, inatuhusu hata sisi tunaoshughulika na maneno.

Tuanze na Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Paris. Mwaka 1902 alitoa Le Voyage dans la Lune, yaani Safari ya Mwezini. Wanazuoni wanafyatuliwa kwa mzinga hadi mwezini, na chombo chao kinauchoma mwezi jichoni. Mandhari zilichorwa kwa mkono. Viumbe wanaotoweka ghafla walitokana na hila ya kuisimamisha kamera, kuondoa kitu, kisha kuiendesha tena. Filamu hiyo ilipendwa mno, hata wafanyabiashara wa Marekani wakatoa nakala bila idhini yake na kuziuza. Ili kutetea haki zake, mwaka 1903 Méliès alifungua ofisi New York, akaikabidhi kwa nduguye Gaston.

Baadaye dunia ilimpa kisogo. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, aliziteketeza kanda zake asilia, kisha akawa muuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha treni cha Montparnasse. Alikuwa ametengeneza filamu zaidi ya 500. Takriban 200 zipo leo, kwa kuwa nakala zake zilikwisha kutawanyika duniani. Nakala ya Safari ya Mwezini iliyotiwa rangi kwa mkono iliibuka Uhispania mwaka 1993, imegandamana vibaya. Ilichukua miaka mingi kuibandua na kuikarabati, hata ikaonyeshwa tena Cannes mwaka 2011.

Huko Marekani, mwokozi alikuwa karatasi. Kabla ya mwaka 1912, sheria ya hakimiliki haikuitambua filamu kuwa kazi ya aina yake. Kwa hiyo watengenezaji waliisajili kama picha za kawaida: walichapa ukanda mzima juu ya karatasi na kuuwasilisha Maktaba ya Bunge mjini Washington. Kanda za nitrati huwaka upesi na huoza. Karatasi zilitulia ghalani. Filamu zaidi ya 3,000 zilihifadhika hivyo, na katika miaka ya 1950 karatasi hizo zilipigwa picha upya zikawa filamu tena. Waliozipeleka walikusudia kuwazuia wezi tu, kumbe walikuwa wakiweka akiba kwa ajili ya wajukuu.

Uingereza nayo ina Rescued by Rover ya mwaka 1905, iliyotoka katika studio ya Cecil Hepworth. Mtoto ameibwa, mbwa wa nyumbani anakimbia barabarani, anavuka mto kwa kuogelea, anamgundua, kisha anarudi kwa njia ileile kumwita baba. Njia hiyo inayojirudia inafanya kazi kama kiitikio katika wimbo: mtazamaji anaitambua, na moyo unamdunda. Familia ya Hepworth yenyewe iliigiza, pamoja na mbwa wao. Wanunuzi walikuwa wengi kiasi kwamba ukanda asilia ulichakaa kwa kutolewa nakala, ikabidi filamu yote ipigwe upya mara mbili.

Sehemu kubwa ya filamu bubu za dunia imepotea kabisa, nyingine zikiwa zimependwa sana katika siku zake. Kupendwa peke yake hakukuzinusuru. Zilizobaki ni zile ambazo nakala yake ilikaa mahali pengine, juu ya kitu kingine, mikononi mwa mtu mwingine. Msomaji wa tenzi hatashangaa, kwani nyingi tunazozisoma zimetufikia kwa sababu mwandishi fulani aliketi akazinakili. Basi zitazame filamu hizi, mpenzi msomaji. Kisha lifungue sanduku la karatasi zako, na ukikuta shairi la mzee wako lililo katika nakala moja tu, linakili leo.