Kabla ya mbio kuna spana

Leo siasa tuiweke kando kidogo, tuongelee magari.

Mimi na rafiki zangu wawili tunaandaa Corolla kuukuu kwa mbio za ridhaa. Viti vya nyuma tumeng'oa kupunguza uzito, shokomzoba na mafuta ya breki tumebadili. Jamaa mmoja katucheka: eti mbio za magari ni za matajiri, sisi watoto wa kupanda daladala tunatafuta nini humo? Nikaona nijibu kwa historia.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, na yaligawanywa kwenye makundi kwa kufuata bei yake. Ndiyo maana Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe iliweza kushinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kilichotafutwa ni gari litakalohimili vumbi, mashimo na tope la masika. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza!

Kwa hiyo mshindi alianza kupatikana gereji. Mfano mzuri ni Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, fundi magari kwa kazi yake. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Waliwaacha wenzao kwa zaidi ya saa moja na nusu. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuwa wakija na magari ya viwandani na kurudi mikono mitupu hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo kwa Ford Escort. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Kwa hiyo hela peke yake haikutosha. Ilibidi uijue barabara, na uijue kila nati ya gari lako.

Lakini jamaa yetu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inauma. Mbio zilipoanza mwaka 1953, Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mzungu alikata mbuga kwa raha zake, wakati Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Angepata wapi gari, achilia mbali leseni ya kushindana? Orodha ya washindi wa miaka ile ni Wazungu na Wahindi. Mwafrika mweusi alikuwa kando ya barabara akishangilia, au chini ya gari akikaza boliti.

Mimi nasema huyo wa chini ya gari naye ni sehemu ya historia. Kama kazi ya gereji ndiyo iliyoamua nani afike, basi mikono iliyoifanya ilistahili kuandikwa. Haikuandikwa. Mashindano ya dunia yalirudi Kenya mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na tulisimuliwa sana kuhusu madereva wa zamani. Mafundi je?

Kama una babu aliyeshika spana enzi zile, Nairobi, Kampala, Arusha au Dar, kaa naye umuulize. Andika majina. Wazee hawa wanaondoka.