Amani Iliyokataliwa Mwaka 1917

Siku ya 21 Julai 1917, kule Baudouinville karibu na ziwa Tanganyika, Monsinyori Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja ya upadri. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, na wakristu wengi wanaikumbuka siku ile. Wachache hukumbuka kwamba siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 1 Agosti, Papa Benedikto XV aliwaandikia wakubwa wa mataifa yaliyokuwa yakipigana, akiwaomba waache vita. Ombi hilo lilikataliwa. Habari za kukataliwa kwake ni nzuri kuzijua, maana watu hudhani kwamba vita huendelea kwa sababu adui wa ng’ambo hataki amani. Katika mwaka ule, adui wa amani mara nyingi alikuwa ameketi nyumbani, mezani pamoja na wenye nyumba.

Katika nchi za Ulaya wako watu wa siasa waitwao wahafidhina, ndio kusema watu wanaotaka kutunza yale waliyoachiwa na wazee wao: kiti cha ufalme, dini, mashamba, heshima ya jamaa, desturi za nchi. Mtu angefikiri kwamba watu wa namna hiyo wote waliitazama vita ile kwa jicho moja. Sivyo. Wengine walisema: Vita hii itabomoa yote tunayoyatunza, basi tuimalize upesi, hata pasipo kushinda. Wengine wakajibu: Tukikubali amani pasipo ushindi, watu wetu watatuuliza wana wao wamefia nini, nao watatuondoa. Wale wa kwanza walikuwa wachache. Mimi naona wao ndio waliojua maana ya kutunza.

Mmoja wao alikuwa Karl, kaisari wa Austria na mfalme wa Hungaria. Alirithi kiti tarehe 21 Novemba 1916, mwenye miaka 29, vita ikiwa imekwisha kuwaka zaidi ya miaka miwili. Hakuianzisha yeye. Alikuwa amekwenda kwenye mapigano kama mkubwa wa jeshi, akayaona kwa macho yake. Mjini Vienna watu walipanga mistari kungoja mkate. Katika Machi 1917 kaisari wa Urusi aliangushwa na watu wake mwenyewe, na kila mwenye taji Ulaya akashika kichwa chake kuona kama bado liko.

Mke wa Karl, Zita, alikuwa na kaka wawili, Sixtus na Xavier wa jamaa ya Bourbon-Parma. Hao walikuwa maofisa katika jeshi la Ubelgiji, yaani upande wa adui wa shemeji yao! Tena mama yake Zita na mama yake Elisabeth, malkia wa Ubelgiji, walikuwa wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa desturi yetu hao mabinti wawili ni dada, wala hatutafuti neno lingine. Basi kwa njia ya jamaa hiyo Karl alitafuta mlango. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliwaruhusu maofisa wake waende. Usiku wa 23 Machi 1917 waliingia kwa siri katika nyumba ya kaisari huko Laxenburg, na walipotoka walichukua barua iliyoandikwa kwa mkono wake, ya tarehe 24.

Katika barua hiyo Karl alisema mambo makubwa. Alisema ataunga mkono madai ya haki ya Ufaransa juu ya Alsace na Lorraine. Alisema Serbia irudishiwe ufalme wake na kupewa njia ya kufika bahari, ila izikomeshe zile kamati za siri zilizotaka kuivunja Austria. Juu ya Ubelgiji alisema irudishiwe enzi yake yote, nayo ibaki na nchi zake zote za Afrika. Hapo ndipo sisi tulipotajwa. Kongo yote, kutoka Boma mpaka Bukavu, na misitu yake, na mashimo ya shaba ya Katanga, na padri mpya wa Baudouinville, imo katika maneno yale machache. Hakuna aliyemwuliza Mkongo kama anataka kuhesabiwa hivyo. Hata mtu mwema kama Karl hakuona kwamba palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Barua ilimfikia Poincaré, rais wa Ufaransa. Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, aliposikia habari alifurahi. Lakini neno la Italia halikuwamo. Nao Waitalia walikuwa wameingia vitani mwaka 1915 kwa sababu ya mapatano ya siri yaliyotiwa sahihi London tarehe 26 Aprili mwaka huo, ambayo yaliwaahidi Trento, Trieste na nchi nyingine za Austria. Waziri wao Sonnino alipokutana na Waingereza na Wafaransa huko Saint-Jean-de-Maurienne, tarehe 19 Aprili 1917, alikataa amani yoyote isiyompa ahadi yake yote. Angefanya nini? Yeye ndiye aliyewaingiza watu wake vitani, kinyume cha mapenzi ya wengi. Angerudi Roma na mikono mitupu, wangemla. Karl naye aliandika barua ya pili mwezi wa Mei, na jambo likafia hapo.

Tusimsifu Karl kupita kiasi. Alsace haikuwa yake ya kutoa, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, rafiki zake, nao hawakufikiri kuiacha. Tena mwaka uliofuata siri ilifichuka kwa njia mbaya. Tarehe 2 Aprili 1918 waziri wake mwenyewe, Czernin, alisema hadharani mjini Vienna kwamba Clemenceau, ambaye wakati huo alikuwa waziri mkuu wa Ufaransa, ndiye aliyetaka mazungumzo ya amani. Alitaka kuwatia moyo watu wa nyumbani, kumbe alivuta mkia wa chui. Clemenceau alisema Czernin amesema uongo, akaichapisha ile barua tarehe 12 Aprili, dunia yote ikaisoma. Karl, kwa hofu ya Wajerumani na kwa kusukumwa na waziri yule, alikana kwamba aliandika maneno yale juu ya Alsace. Mwezi wa Mei ilimbidi aende Spa, kwenye makao makuu ya Wajerumani, kujifunga kwao zaidi kuliko kwanza. Ufalme wake ulivunjika Novemba 1918. Alikufa katika kisiwa cha Madeira tarehe 1 Aprili 1922, mwenye miaka 34, katika umaskini. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 3 Oktoba 2004.

Sasa turudi kwa Benedikto. Barua yake ya 1 Agosti 1917 haikuwa mahubiri matupu. Wengine husema Mapapa hutoa maneno matamu tu. Wanaosema hivyo hawajaisoma hii. Iliitaja Ubelgiji, iachwe na majeshi na kuwa huru kabisa. Iliomba nchi za Ufaransa zilizotekwa zirudishwe, na Wajerumani warudishiwe makoloni yao. Iliomba silaha zipunguzwe pande zote pamoja, magomvi yaamuliwe na baraza, bahari iwe wazi kwa wote, na hasara za vita zisamehewe pande zote. Alsace, Trento na Poland zizungumzwe kwa kuangalia matakwa ya watu wa huko. Vita yenyewe aliiita machinjo yasiyo na faida.

Kwa sisi wa pande hizi barua ile ilikuwa na uzito wa pekee. Askari wa Kongo walikuwa wameingia Tabora mnamo Septemba 1916, na Ruanda na Urundi zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Papa angesikilizwa, majeshi yale yangerudi nyuma, na bendera ya Wajerumani ingepandishwa tena Kigali na Gitega. Huenda msomaji wa Bujumbura au wa Bukavu atauliza kama hilo lingekuwa jema au baya. Siwezi kumjibu. Ninajua tu kwamba wapagazi, ambao kwa vita ile walichukuliwa Kongo zaidi ya laki mbili, wangerudi nyumbani mwaka mmoja mbele.

Yakaja majibu. Wafaransa wengi walimwita Benedikto Papa wa Wajerumani, na Wajerumani wengine wakamwita Papa wa Wafaransa. Wilson, rais wa Marekani, alijibu tarehe 27 Agosti kwamba neno la watawala wa Ujerumani haliwezi kuaminika. Hata ndani ya Kanisa mlikuwa na maumivu: mjini Paris, mwezi wa Desemba, Padri Sertillanges, Mdominiko mwenye elimu kubwa, alisimama katika kanisa la Madeleine akasema kwamba Wafaransa hawawezi kwa sasa kuipokea amani ya Baba Mtakatifu. Tusimhukumu haraka. Majeshi ya adui yalikuwa bado katika nchi yake, na makanisa ya kaskazini yalikuwa vifusi.

Jambo kubwa lilikuwa Ubelgiji. Waingereza walitaka kujua: Je, Wajerumani wataiacha? Balozi wa Papa katika Munich, Monsinyori Eugenio Pacelli, ambaye baadaye alikuwa Papa Pio XII, aliwapelekea Wajerumani swali hilo. Neno moja la ndiyo lingetosha kufungua mazungumzo. Halikutoka. Wakubwa wa jeshi walitaka Liège, wakubwa wa manowari walitaka pwani ya Flanders, na waziri mkuu mpya Michaelis hakuthubutu kuwapinga. Jibu la Berlin la Septemba halikuitaja Ubelgiji hata kidogo.

Kwa nini ulafi huo, wakati watu walikuwa na njaa? Hapa ndipo siasa ya nyumbani inapoonekana wazi. Katika Prussia kura zilihesabiwa kwa matabaka matatu kwa kadiri ya kodi, hata kura ya tajiri mmoja ikawa na uzito wa kura za maskini wengi. Mnamo Aprili 1917 kaisari Wilhelm alikuwa ameahidi kubadili sheria hiyo baada ya vita. Wahafidhina wa Prussia waliogopa. Waliona kwamba wakirudi na ushindi na nchi mpya, watu watawashukuru na kuwaacha katika vyeo vyao. Wakirudi mikono mitupu, mfanyakazi ataidai kura yake. Basi mwezi wa Julai baraza la wawakilishi, likiongozwa na Erzberger wa chama cha Wakatoliki, lilipopiga kura 212 kwa 126 kutaka amani pasipo kunyang’anya nchi za watu, wahafidhina hao walikasirika. Septemba waliunda chama kipya cha kudai ushindi, chini ya Tirpitz na Kapp. Ili kulinda kura zao, walimwaga damu ya vijana mwaka mwingine mzima. Mwisho wakapoteza kura, na kaisari pia. Naye Erzberger, aliyekwenda kutia sahihi ya kusimamisha vita Novemba 1918, aliuawa kwa bunduki mnamo Agosti 1921.

Katika Uingereza aliyesema alikuwa mzee Lansdowne. Huyu hakuwa mtu wa mageuzi. Alikuwa bwana wa mashamba makubwa, mpinzani wa kujitawala kwa Ireland, aliyewahi kutawala Kanada na India, kisha waziri wa mambo ya nje aliyefanya masikilizano na Ufaransa mwaka 1904. Mtoto wake aliuawa Ypres mwezi wa Oktoba 1914. Mnamo Novemba 1916 aliwaandikia mawaziri wenzake kwa siri, akiuliza kama ushindi wanaoutaka unastahili bei yake. Hawakumsikia. Mwaka mmoja baadaye alipeleka barua kwa gazeti la The Times, likakataa kuichapa. Daily Telegraph ikaichapa tarehe 29 Novemba 1917. Alisema Waingereza watangaze kwamba hawataki kuiangamiza Ujerumani wala kuichagulia serikali, ili watu wa amani kule wapate nguvu.

Chama chake mwenyewe kilimtupa siku ya pili. Kiongozi wake, Bonar Law, alisema barua ile ni msiba kwa taifa. Bonar Law huyo alikuwa amepoteza wana wawili vitani katika mwaka ule ule. Baba mmoja aliyefiwa aliomba vita ikome, baba mwingine aliyefiwa aliomba iendelee, kusudi vifo vile visiwe bure. Walioshangilia barua ya mzee walikuwa watu wa chama cha wafanyakazi na waliberali, ambao alikuwa amewapinga maisha yake yote, na sifa zao zilimharibia zaidi kwa wenzake.

Hapa Afrika vita ilizidi kuliko Ulaya. Askari wa Kongo walifika Mahenge mnamo Oktoba 1917. Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akazunguka Msumbiji, wapagazi wakimfuata na wengine wakifukuzana naye, akaweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza.

Yale mapatano ya London ya 1915 yalikuwa na fungu la kumi na tano, ambalo lilisema Papa asiingizwe katika mazungumzo ya amani. Wabolsheviki waliyafichua mwishoni mwa 1917, na fungu lile likashikwa hata hivyo. Wakubwa walipokutana Paris mwaka 1919, Kiti Kitakatifu hakikuwa na nafasi mezani. Monsinyori Cerretti alitumwa kule na Papa, lakini kazi yake ilikuwa kuomba mali za misioni za Wajerumani zisichukuliwe na serikali zilizoshinda, bali zibaki kwa kazi ya dini. Hilo walimkubalia, likaandikwa katika fungu la 438.