Kitabu cha Wafalme wa Pate

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara huichukua methali hii kuwa ni onyo juu ya fedha na bidhaa. Lakini iko mali nyingine ihitajiyo daftari kuliko fedha, nayo ni habari yenyewe. Kila dola na kila shirika kubwa huishi kwa habari zake: nani alitawala, nani alipatana na nani, amri ipi yatumika na ipi imekwisha kutanguka. Habari hizo zikikosa mtunzaji hupotea. Zikiwa na watunzaji wengi wasioshauriana, hugombana zenyewe kwa zenyewe. Kisa cha kitabu kimoja cha visiwa vya Lamu chatufundisha jambo hili vizuri kuliko mawaidha mengi.

Visiwa vya Lamu viko kaskazini ya pwani ya Kenya. Vilivyo vikubwa ni vitatu: Lamu, Manda na Pate. Katika kisiwa cha Pate imo miji ya Pate, Siyu na Faza. Wafalme wa Pate walikuwa wa ukoo wa Nabahani, na habari zao ziliandikwa katika masimulizi yajulikanayo kama Habari za Pate. Masimulizi hayo huanza na mwaka 77 wa Hijra, karibu na mwaka 696, zama za Khalifa Abdul Malik. Kisha husimulia jinsi Sulaiman bin Sulaiman alivyowasili kutoka Omani katika mwaka 600 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1204, akaoa binti wa mfalme wa Pate na kuurithi ufalme. Baada ya hapo hufuata wafalme mmoja baada ya mwingine, pamoja na miaka ya enzi zao na vita vyao, mpaka karne ya 19.

Mwanafunzi asidhani kuwa watu wa zama hizo walikuwa wageni wa kazi ya kalamu. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wa kunakili misahafu. Mnakili hodari alikuwa na desturi zake. Mwisho wa kitabu aliandika jina lake na tarehe ya kumaliza kazi, na mara nyingine jina la mtu aliyemwandikia. Chini ya ukurasa aliandika neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili kurasa zikitawanyika ziweze kupangwa tena. Desturi hizi zaonekana ndogo, lakini zina maana kubwa. Msomaji alijua nani kaandika, lini na kwa ajili ya nani, na alikuwa na njia ya kutambua kama ukurasa umepungua.

Pamoja na ustadi huo, palikuwa na hatari moja. Kitabu cha asili cha wafalme kilikuwa kimoja, na kilikwenda pamoja na wafalme wenyewe. Katika mwaka 1812 au karibu yake, Pate na wenzao Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na tangu hapo nguvu za Pate zikazidi kupungua. Baadaye Wanabahani waliuhama mji wao wakavuka kwenda bara, na Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, akaweka makao Witu. Katika mwaka 1885 Witu iliingia chini ya himaya ya Wajerumani, na kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani waliiacha mikononi mwa Waingereza. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu. Mwezi uliofuata jeshi la Waingereza, likiongozwa na Admirali Fremantle, liliushambulia mji na kuuteketeza kwa moto. Wazee wa Lamu walisimulia kuwa kitabu cha asili kilipotea katika msiba huo.

Hasara ya nyumba hujengeka upya, lakini hasara ya kitabu cha pekee hailipiki. Kilichobaki ni nakala chache na kumbukumbu za watu. Katika watu hao, aliyejulikana zaidi ni Muhammad bin Fumo Omar, Mnabahani, aliyeitwa Bwana Kitini. Huyu alikuwa mjuzi wa habari za jadi zake, akawasimulia wote waliomwendea. Kwa njia yake Stigand, aliyekuwa ofisa wa Kiingereza, alichapisha habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1913. Alice Werner alizichapisha kwa Kiswahili pamoja na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915. Katika mwaka 1928 zilichapishwa pia Ujerumani. Nakala nyingine nne zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizitoa zote katika kitabu kimoja.

Mtafiti azipangapo nakala hizi mezani hukutana na taabu. Majina ya wafalme hayalingani kila mahali, wala miaka ya enzi zao. Tukio lililo refu katika nakala moja huwa fupi katika nyingine. Ipi ni ya kweli? Hapana wa kujibu, maana asili ya kuzipimia haipo. Tena mji wa Lamu nao una habari zake, zilizoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakary, zikachapishwa mwaka 1938. Humo ukubwa ni wa Lamu, kama vile katika masimulizi ya Bwana Kitini ukubwa ulivyo wa Pate. Hata wachimbaji wa magofu waliingia katika mjadala. Neville Chittick, katika mwaka 1969, alitia shaka juu ya ukale wa Pate, lakini wachimbaji waliomfuata walipata dalili za makazi ya kale zaidi kuliko alivyodhani.

Je, tumlaumu Bwana Kitini? La, hasha. Pasipo yeye tungalibaki na ukurasa mtupu. Lakini alikuwa Mnabahani, na mtu huwapendelea wazazi wake hata asipokusudia. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la dola iliyoweka kumbukumbu zake zote katika kitabu kimoja, kisha ikauacha mzigo mzima juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Labda msomaji atasema kuwa mambo haya yamepita, na kwamba leo habari hukaa katika kompyuta. Basi na tuzitazame ofisi kubwa za leo. Kila moja ina tovuti kwa ajili ya umma, na mtandao wa ndani kwa ajili ya watumishi wake. Idara nyingi huandika humo, na kila idara ina Bwana Kitini wake. Tuseme idara moja yatangaza ada mpya ya leseni ya uvuvi, na idara ya pili yaacha tangazo la mwaka jana mahali pake. Mvuvi wa Kizingitini asoma lile la zamani, alipa nauli ya mashua mpaka Lamu, na afikapo aambiwa fedha alizochukua hazitoshi. Hakuna aliyemdanganya. Alipewa nakala mbili zisizo na tarehe wala mwenyewe, naye akaamini moja.

Dawa yake hawakuikosa wanakili wa zamani. Kila ukurasa uwe na mwenyewe ajulikanaye kwa jina, na tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa. Kila habari iwe na asili moja, na kurasa nyingine zirejee kwenye asili hiyo badala ya kuiandika upya. Tangazo lililotanguka lisifutwe, bali liondolewe mbele ya macho ya umma na kuwekwa katika hifadhi, likiwa na alama ya kuwa limetanguka. Maana ofisi isiyojua ilisema nini jana haiwezi kujitetea kesho. Na juu ya yote, nakala ya pili ikae mahali pengine.

Neno hili la mwisho lina ushahidi wa karibu. Msikiti wa Riyadha, mjini Lamu, una hazina ya miswada ya kale. Miswada hiyo ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na picha zikawekwa katika mtandao ili dunia nzima izisome. Kanuni ya mpango huo ni kwamba asili haitoki katika nchi yake, na nakala za picha huachwa huko pia. Katika mwezi Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya kompyuta ya maktaba hiyo mjini London, na kwa miezi mingi makusanyo yake ya mtandaoni yalikuwa hayafikiki. Hapakuwa na mizinga wala moto, lakini kwa msomaji aliyefungua mashine yake akakuta ukurasa mtupu, hali ilifanana na ile ya Witu. Tofauti ilikuwa moja, nayo ni kubwa: miswada ya Riyadha ilikuwa bado iko Lamu.

Basi, ewe mwanafunzi, siku moja utakabidhiwa daftari: la darasa, la chama, la ofisi au la taifa. Usiridhike na kuandika tu. Andika jina lako na tarehe, kama mnakili wa Siyu. Jua asili iko wapi. Kisha mpe mwenzako nakala aiweke mbali nawe. Wafalme wa Pate walikuwa na majeshi, majumba na majahazi, na vyote vimekwisha. Kilichowaweka hai mpaka leo ni karatasi chache zilizonusurika kwa bahati, na si kila dola hupata bahati hiyo.